Kata Kadutu

Jana binti yangu alichukua simu yangu kutafuta michezo, akaangukia kwenye programu ya taa za nyumba. Akanijia mbio na uso wa polisi. "Papa, ni wewe unawakatia watu wa Kadutu umeme?"

Kadutu ni mtaa wa hapa Bukavu. Kwenye kioo kulikuwa na kitufe kilichoandikwa KATA KADUTU. Chini yake, RUDISHA KADUTU. Nikamwambia amuulize bibi yake. Bibi yake akajibu kutoka jikoni, "Muulize papa yako. Mimi waliniita hospitali."

Basi niandike, maana kwa mdomo sitamaliza.

Ni wakati ule tukikaa Panzi, wazee wakiwa kwetu. Nilikuwa nimeweka Home Assistant, ile programu ya kuendesha taa za nyumba, kwenye kikompyuta cha Raspberry Pi, na ampuli za Zigbee ambazo shemeji alizileta kutoka ng'ambo. Uzuri wa Zigbee ni kwamba ampuli huzungumza na kikompyuta moja kwa moja bila kupitia intaneti, na kwa Bukavu hilo si jambo dogo. Nikapanga mandhari: ya kula, ya filamu, ya kulala. Unaamua mara moja taa hii iwake kiasi gani, ile iwe na rangi gani, halafu siku zote unabonyeza mara moja tu nyumba inajipanga.

Programu hiyo ilianzishwa mwaka 2013 na Paulus Schoutsen, na sidhani kama alikuwa anawaza delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu. Ampuli nyingi za aina hii, umeme ukikatika na kurudi, huamka zikiwaka nyeupe kwa nguvu zote. Watengenezaji wana sababu yao: mtu asiye na simu akibonyeza swichi ya ukutani, taa iwake. Lakini kwetu umeme hurudi saa tisa ya usiku. Nyumba nzima inang'aa, na mama yangu, akiona mwanga, anaamka kupiga pasi. Ampuli zilizokubali nilizipangia zirudi zilivyokuwa kabla ya umeme kukatika. Zilizokataa niliziandikia agizo: ampuli ikirudi kwenye mtandao, iitwe mandhari ya saa hiyo. Mandhari zenyewe nikaziandika kwenye faili, kwa sababu ile unayoinasa papo hapo hufutika programu ikianza upya, na kwetu inaanza upya kila mara.

Papa alikuwa ananiangalia na hasemi kitu. Maisha yake ya kazi yote aliyamalizia kwenye dispachingi, chumba ambamo mtu anaamua mtaa upi uwake na upi usubiri. Umeme wetu ni wa Ruzizi, mto unaotoka ziwani hapa hapa mjini: bwawa la kwanza la miaka ya 1950, la pili la 1989, ambalo tunagawana na Rwanda na Burundi. Watu wameongezeka mpaka juu ya vilima. Maji ni yale yale.

Jumapili moja jioni umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, betri ya inveta inaelekea kuisha, na ukumbi umejaa mashemeji wanaoangalia mpira. Papa akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu. Hii ya filamu inafanya nini?"

"Inashusha taa ya ukumbi, Papa. Ya jikoni inazima."

"Jikoni yuko nani?"

"Mama."

"Alikubali?"

Nikanyamaza. Akaendelea, "Na hii mandhari inazimwa wapi?"

"Haizimwi. Unaiita tu. Ukitaka itoke, unaita nyingine."

Akacheka kwa pua. "Kwa hiyo hakuna anayekata. Kuna mtu anayechagua wengine tu. Hata sisi tulikuwa tunaandika hivyo kwenye ripoti."

Akaomba kalamu na daftari la shule la mtoto. Akaigawa nyumba kwa majina ya mitaa ya Bukavu. Ukumbi ukawa Kadutu: watu wengi, kelele, ukiwakatia utasikia. Chumba chetu mimi na mke wangu kikawa Nguba: "Hao wana jenereta, watavumilia." Chumba cha watoto kikawa Bagira: "Mbali. Mpaka waje kulalamika, umeme umesharudi." Jikoni akaandika Hospitali.

"Mimi ndiye hospitali?" Mama akauliza kutoka huko.

"Hospitali haikatwi."

"Basi niletee wagonjwa wamenye vitunguu."

Nikamtengenezea mandhari zake pale pale, huku akisimamia majina. Akakata Nguba. Akakata Bagira, tukasikia vilio. Halafu akafika Kadutu, akasimama. Kidole gumba kilikuwa juu ya kioo, hakigusi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akauliza ni saa ngapi, ingawa saa ilikuwa mbele yake kwenye simu. Akaandika kwenye daftari, kwa mwandiko ule wa ofisini ulioinama: 19:40, Kadutu. Akaangalia ukumbini, nyuso zile moja moja, kama anayehesabu abiria. Mimi nilijua, na nadhani naye alijua, kwamba ampuli zile ni za wati 9, na kinachokula betri ni friji na televisheni. Sikusema. Akabonyeza.

Ukumbi ukapiga kelele ile ile mji mzima hupiga. "Wezi!" shemeji mmoja akasema, bila kujua anamwambia nani. Papa akainua sauti, na ilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, ya mtu anayejibu simu ya mia ya jioni hiyo: "Tumewasikia. Saa mbili na nusu."

Saa mbili na nusu akarudisha. Dakika ile ile.

Baada ya hapo alifanya hivyo karibu kila jioni, hata betri ikiwa imejaa. Alipofariki tulihama, nikahamisha faili lilivyo, na majina yakaja nalo. Kuna siku nilidhani alikuwa ananifundisha: kabla ya kubonyeza, jua ni nani atakaa gizani. Siku nyingine nilidhani alikuwa anatubu mambo ya zamani kwa taa ndogo zisizomuumiza mtu. Sikuwahi kumuuliza, na pengine angenijibu kwa habari za transfoma.

Mama hakubali lolote kati ya hayo. Anasema alipostaafu alikosa vya kubonyeza, basi. Tena anasema hospitali ilikatwa, Jumanne moja, na nisijifanye sijui.

Nimelitafuta daftari. Ni kweli: 21:00 hadi 21:10, Hospitali. Sehemu ya sababu ameandika "jaribio la mtambo". Nimemuuliza Mama jioni hiyo waligombania nini. Anasema chumvi.