Kukua kwa Muhimbili, Tukiitazama Kutoka Bagamoyo

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo, kwa hesabu aliyokuwa akiitaja Mwalimu Nyerere, walikuwa 12 tu. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1963 chini ya Wizara ya Afya ili kupunguza uhaba huo, na mwaka 1968 ikapandishwa kuwa kitivo cha chuo kikuu. Yaliyofuata ni mabadiliko ya hadhi na majina hadi mwaka 2007, kilipotambuliwa kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Majina hayo hayanishughulishi sana. Linalonigusa mimi mkazi wa Bagamoyo ni kwamba shule hiyo ilikulia katika miaka ambayo serikali, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilielekeza nguvu zake kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini, na ambayo kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo. Daktari wa zama hizo hakuweza kufunzwa wodini peke yake. Leo chuo kina skuli nzima ya afya ya jamii, na kina kituo cha kufundishia hapa Bagamoyo.

Tuyatazame mabusha na matende, maradhi ambayo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Daktari mpasuaji hodari humwondolea mzee mmoja busha lake, naye hurudi zake Mlingotini akitembea bila haya. Lakini minyoo ileile iletayo maradhi hayo huendelea kusambazwa na mbu, wakiwemo wale wanaozaliana katika vyoo vya shimo na madimbwi ya maji machafu, na ugawaji wa dawa za minyoo, ivamektini na albendazoli, hauukati mnyororo huo ikiwa wengi wanaojiona wazima wanakataa kumeza. Hapo elimu ya wodini hukoma. Anayehitajika ni mtu awezaye kukaa kitako na mwenyekiti wa kitongoji, bwana afya na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kumsikiliza mama anayekataa dawa (mara nyingi ana sababu yake, wala si ujinga).

Siku hizi chuo kina kampasi nyingine Mloganzila, na orodha ya fani za ubingwa imerefuka. Sipingi, mabingwa tunawahitaji. Ila ningependa muda wa mwanafunzi kukaa kijijini nao urefuke, tena apangiwe kaya zilezile tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu dodoso lililojazwa mara moja humwonyesha kwamba choo kipo, lakini halimwelezi kama kinatumika wakati wa masika.