Kumbukumbu ya Mradi: George Eliot Alimsomea Nani?

Mradi huu ulianza kama orodha ya vitabu tu. Nilikusudia kupanga, mwaka baada ya mwaka, vitabu ambavyo mwandishi wa riwaya George Eliot, jina la kalamu la Mary Ann Evans aliyezaliwa Warwickshire, Uingereza, mwaka 1819, anavitaja katika barua na shajara zake, pamoja na vile vinavyotajwa katika wasifu wake uliochapishwa na mumewe, John Walter Cross, mwaka 1885. Lahajedwali ilijaa upesi, kwani mwanamke huyu alisoma Kigiriki, Kilatini, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano, Kihispania na baadaye Kiebrania, na falsafa aliisoma kwa hamu ileile aliyokuwa nayo kwa mashairi. Hata hivyo, orodha ile haikunieleza lolote kuhusu msomaji mwenyewe. Kwa hiyo nimeongeza safu moja inayouliza kama kitabu kilisomwa kimyakimya au kwa sauti, na ikiwa ni kwa sauti, nani alikuwa akisikiliza. Safu hiyo ndiyo inayouongoza mradi sasa.

Sehemu ya utoto na ujana imekamilika, nayo inamhusu zaidi mwandishi wa riwaya wa Uskoti, Walter Scott. Eliot alipokuwa na umri wa miaka saba au minane, dada yake mkubwa aliazimishwa riwaya ya Scott iitwayo Waverley, ikarudishwa kwa mwenyewe kabla mtoto hajaimaliza, naye akaanza kuiandika upya kwa kumbukumbu mpaka wakubwa wakamtafutia tena kitabu kile. Mwaka 1839, akiwa na umri wa miaka 19 na ameshika dini kwa ukali, alimwandikia mwalimu wake wa zamani, Maria Lewis, kwamba riwaya zinaidhuru akili, lakini hata katika barua hiyo Scott alisalimika, pamoja na Shakespeare, Don Quixote na Robinson Crusoe. Baba yake, Robert Evans, alipougua katika miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki Mei 1849, ni riwaya za Scott ambazo binti alimsomea kwa sauti. Huyo ndiye msikilizaji wa kwanza ninayeweza kumwandika katika safu yangu bila wasiwasi.

Msikilizaji wa pili ameniletea kazi kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1854, alipoondoka Uingereza kwenda Weimar na kisha Berlin, Ujerumani, pamoja na George Henry Lewes, mwandishi aliyeishi naye kama mume ingawa hawakuoana, shajara inabadilika sura: mchana kila mmoja alikuwa na kazi yake, Lewes akiandika wasifu wa mshairi wa Kijerumani Goethe na Eliot akimtafsiri mwanafalsafa Spinoza, na jioni walisomeana Goethe, Lessing, Heine na Shakespeare. Desturi hiyo haikukoma waliporudi nyumbani. Mwaka 1857, Lewes alipokuwa akichunguza viumbe wa baharini katika visiwa vya Scilly na Jersey, walisomeana riwaya za Jane Austen moja baada ya nyingine. Naona mwaka huo una uzito, kwa sababu ndio mwaka ambao hadithi zake za kwanza zilikuwa zikitoka katika jarida la Blackwood's. Aliyekuwa akijifunza utunzi wa riwaya alikuwa akimsikia Austen kwa masikio, sentensi kwa sentensi, mbele ya mtu aliyeweza kumkatiza na kubishana naye.

Lewes huyo huyo alikuwa pia mlinzi wa kile ambacho Eliot hakukisoma. Baada ya vitabu vyake kuanza kupata umaarufu, Lewes alizuia tahakiki za magazetini zisimfikie, akiogopa kwamba maneno makali yangemvunja moyo na kumfanya aache kuandika. Nimelazimika kuvifungulia vitu visivyosomwa ukurasa wa pekee.

Usomaji wa kimyakimya, kwa upande wake, unakusanyika karibu na kazi ya riwaya zenyewe. Kwa ajili ya Romola alizama katika historia ya mji wa Florence, Italia, akisoma katika maktaba ya Magliabechiana alipokuwa huko mwaka 1861. Kwa ajili ya Middlemarch alijaza daftari la maelezo ya tiba, kipindupindu na siasa za miaka ya 1830, na daftari hilo limehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kwa ajili ya Daniel Deronda alijifunza Kiebrania kwa msaada wa Emanuel Deutsch, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi British Museum.

Nilipofika Middlemarch niliisoma upya nikiwa na safu yangu mkononi, na sura ya saba ikanisimamisha. Dorothea, mhusika mkuu, anataka kujifunza herufi za Kigiriki ili amsomee kwa sauti mchumba wake msomi, Casaubon, kama mabinti wa mshairi kipofu Milton walivyomsomea baba yao lugha wasizozielewa. Huu ni usomaji wa utumishi: sauti ni ya mmoja, maana ni ya mwingine. Nadhani ni mtu aliyezoea jioni za Berlin tu ambaye angeweza kuuchora ubaya wake kwa utulivu namna ile, ingawa sina ushahidi zaidi ya mpangilio wa tarehe.

Wiki hii nimeingiza msikilizaji wa mwisho. Lewes alifariki Novemba 1878, na mwezi uliofuata Cross akafiwa na mama yake. Cross alikuwa ameanza kumsoma mshairi wa Italia Dante, na Eliot akajitolea kusoma pamoja naye. Wakapita Inferno na Purgatorio, sehemu mbili za kwanza za shairi lake kuu, kwa Kiitaliano, neno kwa neno. Walioana Mei 1880, na Eliot akafariki Desemba mwaka huohuo. Kinachofuata ni safu ya lugha, ambayo itanionyesha ni vitabu vingapi kati ya vile vilivyosomwa kwa sauti havikuwa vya Kiingereza.