Bosi akikuachia nyumba: ya kukubaliana na ya kukagua

Rafiki akikuachia funguo za nyumba yake, kosa dogo huishia kwenye utani. Bosi akikuachia, kosa lilelile linakusubiri kazini. Ndiyo maana nusu ya kazi hii hufanyika kabla hajafunga sanduku lake.

Kwanza ijulikane kama ni kazi au ni hisani. Maneno kama "utakuwa unapitapita kuangalia" ndiyo yanayozaa manung'uniko, kwa sababu kichwani mwake unalala pale kila usiku, na kichwani mwako ni mara mbili kwa wiki. Uliza waziwazi: unalala au unapita? Muda huo unahesabiwa ndani ya saa za kazi, au una malipo yake? Kama hakuna malipo unaweza kukubali, ila ukubali ukijua. Vilivyomo kwenye friji ni ruhusa kula? Mgeni anaweza kuja? Gari linaguswa? Akirefusha safari kwa wiki nzima na wewe una mambo yako, nani anashika zamu? Yaandike yote kwenye ujumbe mmoja mfupi, umalizie na "nimeelewa hivi, nirekebishe nilipokosea." Akijibu "sawa," una kumbukumbu ya makubaliano yenu.

Fedha za matumizi ziombwe siku hiyohiyo. Kumdai bosi risiti za fundi ni kazi ngumu kuliko kumwomba akiba ya dharura mapema. Kubalianeni kiwango unachoweza kutumia bila kuuliza, na akupe namba za fundi bomba, fundi umeme na daktari wa wanyama anaowaamini yeye. Fundi wa kwako akiharibu kitu, lawama ni yako.

Kisha zungukeni nyumba pamoja. Usikubali kuonyeshwa kwa kidole tu. Fanya kwa mkono wako. Funga koki kuu ya maji halafu uifungue. Koki isiyoguswa miaka mingi huganda, na ni heri igundulike imeganda mwenyewe akiwepo kuliko usiku bomba limepasuka. Zima na uwashe swichi kuu ya umeme. Jaribu kila ufunguo kwenye kufuli yake. Washa na uzime alamu mara mbili. Piga picha za nyufa, madoa ya kapeti na vioo vilivyopasuka tayari. Uliza kamera ziko wapi, hasa za ndani: ni vyema ujue kabla hujakatiza sebuleni na taulo.

Vyumba visivyokuhusu avifunge mwenyewe na aondoke na ufunguo, hasa chumba anachofanyia kazi. Hii ni kwa faida yako zaidi kuliko yake. Ukishaona karatasi yenye mshahara wa mwenzako huwezi tena kutoiona, na siri ya ofisi ikivuja wa kwanza kutajwa ni aliyekuwa na funguo.

Baada ya hapo, adui mkubwa ni maji. Wengi huhangaika na wezi wakati dari linalowa taratibu. Siku ya kwanza funga koki zote za ndani, soma mita ya maji hadi tarakimu ya mwisho, subiri saa moja bila kutumia maji, kisha usome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja. Mara nyingi ni choo. Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, subiri nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira unaoziba chini ya tangi umechoka. Mashine ya kufulia nayo, ukimaliza kufua funga koki yake, kwa kuwa mpira wake wa kuingizia maji hubaki umebanwa na nguvu ya maji usiku na mchana.

Maji yakikatika, kosa kubwa ni kufungua koki kujaribu, ukaona hakuna kitu, ukaondoka ukiiacha wazi. Maji hurudi haupo, sinki lina kizibo, na sakafu inaogelea. Kila koki unayoijaribu ifunge. Hita ya umeme izimwe pia hadi uhakikishe maji yamerudi, maana koili yake ikiwaka bila maji huungua.

Bafu la wageni likianza kunuka, usimwage dawa. Chini ya kila sinki na kila tundu la sakafuni pana bomba lililopinda linaloshikilia maji kidogo yanayozuia hewa ya mtaro. Bafu lisipotumika, maji hayo hukauka. Mimina lita moja ya maji kila wiki. Ukiongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, yatakauka polepole zaidi. Fungua pia koki na bafu za manyunyu zisizotumika kwa dakika mbili hivi kila wiki, dirisha likiwa wazi, kwa kuwa maji yaliyolala kwenye mabomba yenye joto la vuguvugu hufuga bakteria.

Umeme ukikatika, usifungue friji kuangalia. Friji iliyofungwa hutunza chakula kama saa 4. Friza iliyojaa huhimili karibu saa 48, na iliyojaa nusu karibu 24. Kama huishi humo, gandisha kikombe cha maji kwenye friza na uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu chini, friza iliyeyuka ukiwa haupo ikagandisha upya, na nyama hiyo si ya kuliwa hata ikionekana ngumu kama jiwe. Chomoa televisheni na kompyuta, acha taa moja ikiwa imewashwa ikujulishe umeme umerudi. Jenereta iwekwe nje, si chini ya mita 6 kutoka nyumbani, moshi ukielekea mbali na madirisha. Gesi yake inayoua haina harufu.

Gesi ya kupikia ina harufu, na ukiisikia usiguse swichi yoyote, wala ya kuwasha wala ya kuzima. Funga mtungi, fungua madirisha, toka, na simu upige ukiwa nje. Mashaka madogo kwenye kiungo cha mtungi hupimwa kwa povu la sabuni. Vipovu vikifura, panavuja.

Wanyama waandikiwe ratiba kwa kipimo: kikombe kipi, mara ngapi, saa ngapi. "Mpe kidogo" si kipimo. Mbwa hapewi chokoleti, zabibu, vitunguu wala chingamu isiyo na sukari. Paka asiyekula kwa siku nzima apelekwe kwa daktari, kwa sababu paka akikaa na njaa ini lake huharibika haraka. Paka dume anayejikamua kwenye sanduku la mchanga bila kukojoa ni dharura ya saa hiyohiyo, usimsubiri bosi ashuke kwenye ndege. Samaki wengi huuawa na ukarimu: chakula kinachobaki huoza na kuchafua maji. Mwombe mwenye nyumba apime chakula cha kila siku kwenye vifuko kabla hajaondoka.

Mimea nayo huuawa na maji mengi kuliko kiu. Chomeka kidole sentimita 2 hadi 3 kwenye udongo. Ukiwa bado na unyevu, acha. Maji yaliyotuama kwenye kisahani cha chungu yamwage baada ya nusu saa.

Kuhusu taarifa, ujumbe mmoja kwa siku mlizokubaliana wawili unatosha: tarehe, tarakimu za mita, wanyama, na kama kuna jambo. Kitu kikivunjika, mwambie siku hiyohiyo na picha, hata kama ni bilauri. Ukinyamaza kwa wiki, bilauri ya bei ndogo hugeuka swali la uaminifu. Picha za nyumba yake usizipandishe mitandaoni, na kazini usisimulie hata rangi ya mapazia. Wenzako watauliza.

Siku ya kurudi, badilisha mashuka uliyolalia, toa taka, safisha friji, na soma mita kwa mara ya mwisho. Funguo zikabidhiwe mkononi, zikihesabiwa, si kuachwa chini ya zulia la mlangoni. Risiti na chenji viwe kwenye bahasha moja yenye hesabu juu yake. Akishakagua, futa mbele yake picha ulizopiga, na umwombe abadilishe namba ya alamu kabla hujatoka getini.