Napima Kamba, Wala Sina Mizani

Saa kumi na mbili asubuhi nipo kwenye pantoni la Kigamboni. Jirani ananiuliza nafanya kazi gani. "Napima kamba." "Kilo sasa hivi bei gani?" Nimezoea.

Saa mbili nipo maabara, nimevaa koti na glavu, natoa sahani za jana, zenye sampuli za kamba wa mteja, kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria. Agari yetu ya TCBS, ute mgumu wa kuoteshea bakteria, ni ya kijani. Bakteria wa jenasi (kundi) ya Vibrio wanaochachusha sukrosi, sukari ya kawaida, huota koloni za njano, wasiochachusha hubaki kijani. Leo sahani ni njano tupu.

Saa nne mwenye kamba akafika. Akachungulia kioo cha mlango.

"Daktari, hiyo njano ndiyo kipindupindu?"

Nikamwambia Vibrio ni ukoo mkubwa, spishi zaidi ya 100, na baharini ndiko kwao. Wa kipindupindu huota njano, lakini V. alginolyticus naye ni njano. Chumvi ndiyo huwatenganisha: wa kipindupindu huota hata pasipo chumvi, mwenzake hukataa, ila huvumilia hadi asilimia 10.

"Si uwatie chumvi sasa hivi, mzigo unaondoka jioni!"

Kwanza niwatenge, koloni moja moja, kwenye agari nyingine. Hata kipimo cha oksidezi, kimeng'enya cha bakteria, sikifanyi moja kwa moja kutoka TCBS, asidi ya pale hudanganya. Jibu keshokutwa.

"Kwani hadubini hamna?"

Ipo. Ila humo wote ni vijiti vilivyopinda kama alama ya mkato, vyekundu kwa rangi ya Gram, ya kutofautisha bakteria. Wakiwa hai wanachomoka huku na huku kwa mkia wao. Jina lenyewe linatokana na mtetemo. Sura haikupi spishi. Akapiga simu mbele yangu: "Kuna mama hapa ananisomesha habari za chumvi." Saa nzima hiyo, nimesimama, jasho ndani ya glavu.

Chakula cha mchana nilikula au sikula, sikumbuki. Baadaye nikasoma mirija ya chaza wa mteja mwingine: chumvi sifuri maji maangavu, asilimia 8 yamechafuka, yaani wameota, 10 maangavu. Hapo namshuku V. parahaemolyticus, yule aliyegunduliwa Osaka mwaka 1950, anayewaharisha walaji wa vyakula vya baharini vibichi. Nikaandika "anashukiwa", vipimo vingine vinafuata.

Jua limezama, nipo tena pantonini, miguu inawaka moto. Simu inaita. Ni yeye.

"Daktari, wameshaota?"