Siku moja kwenye duka la dawa: Parkinson, sonona na kijiko cha upupu

Saa 2 asubuhi. Nafungua duka, jirani na soko la Mgandini hapa Tanga. Asubuhi ni watu wa presha na kisukari, wanachukua vidonge vyao na kuondoka.

Saa 4. Anaingia mama mtu mzima. "Shikamoo mama." Anaitikia huku akifungua fundo la kitenge juu ya kaunta. Mumewe ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kupunguza mwendo. "Mwanangu, mzee wangu siku hizi hacheki, hali, hata barazani kwenye bao hatoki. Majirani wanasema ana jini."

Ndani ya kitenge kuna levodopa yenye kabidopa, ya Parkinson, na fluoksetini ya sonona, ile huzuni nzito isiyoisha; zote za hospitali. Kuna chupa ya vidonge vya Hypericum, mmea wa maua ya njano ambao Ulaya hutumiwa sana kwa sonona, aliyoletewa na mwanawe kutoka Uingereza. Na unga wa upupu, umefungwa kwenye gazeti.

Jini tunamweka kando. Sonona huwapata karibu wagonjwa 4 kati ya 10 wa Parkinson, na kwa wengine hutangulia mtetemeko kwa miaka. Ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, si ukaidi wa mzee.

Kinachonitisha ni chupa. Hypericum hupandisha serotonini, kemikali ya ubongo, na fluoksetini kazi yake ni hiyohiyo. Zikikutana mtu hulowa jasho, huchanganyikiwa, hutetemeka. Sasa nani atashtuka mgonjwa wa Parkinson akitetemeka? Namuuliza jasho. Ndiyo, tangu juzi shuka zinalowa. Nampigia daktari wake hapohapo: chupa isiguswe tena, mzee apelekwe leo. Levodopa lakini isikatwe ghafla, hilo nalo ni hatari.

Upupu si uganga. Mbegu zake zina levodopa ya kweli. Ila hauna kabidopa ya kuzuia kichefuchefu, na kijiko cha leo hakilingani na cha jana. Ukiuongeza juu ya vidonge, mwili hujinyonganyonga, mtu huona wasiokuwepo. Tena ni dawa ya mwendo, huzuni hauilengi.

Saa 7. Mzee wa dawa za asili anapita kununua pamba na spiriti. Yeye anatetea zafarani. Hapo hajakosea sana: majaribio yameonyesha inasaidia sonona isiyo kali. Lakini ya sokoni nyingi ni nyuzi zilizotiwa rangi, labda zifae kuandikia kombe. Anacheka, anakubali kwanza kuwauliza wateja vidonge vya hospitali kabla hajawapimia upupu.

Saa 9. Umeme umekatika. Joto tu.

Saa 12 jioni. Mama anapiga simu: mzee amelazwa, wanamwangalia. Anauliza kama chai ya tangawizi nayo ni marufuku. Mpe mama, namwambia, ila vidonge vya levodopa vitangulie nusu saa kabla ya samaki na maharage, protini huvizuia kuingia mwilini vizuri.