Nyuma ya wavu wa banda la kuku

Treni ilitoka St. Louis asubuhi. Hadi tunaingia Kansas City nilikuwa nimeshakunywa chai mara mbili, na hakuna aliyeniuliza nimekaa wapi. Nalitaja hili kwa sababu ya niliyemfuata. Leroy "Satchel" Paige, mrushaji mpira wa besiboli, alizunguka nchi hii ya Marekani miaka ambayo mchezaji mweusi alijaza uwanja mchana, usiku ukamkuta anazungushwa kutafuta hoteli ya kumpokea.

Nilikwenda moja kwa moja kona ya mitaa ya 18th na Vine, kwenye makumbusho ya besiboli ya watu weusi. Si mbali na hapo ndipo lilipo jengo la YMCA la Paseo, ambako Rube Foster na wenzake walianzisha Negro National League, ligi ya wachezaji weusi, mwaka 1920.

Ukiingia tu, unaona uwanja mdogo wenye sanamu za shaba, lakini huufikii. Umezibwa kwa wavu wa banda la kuku, kama ule uliowatenga mashabiki weusi viwanjani enzi zile. Lazima uizunguke historia nzima kwanza. Nikaanza na Paige mtoto wa Mobile, Alabama, akibeba mizigo ya abiria stesheni. Kisha Paige wa shule ya watoto watukutu, alikofundwa kurusha mpira. Kisha timu ya Birmingham, kisha ya Pittsburgh. Mwaka 1938, akiwa Mexico, mkono ukamfia. Mrushaji bila mkono ana nini tena? Kansas City Monarchs, timu ya weusi, wakamchukua hivyo hivyo, wakamweka timu yao ya pili ili jina lake livute watu. Na mkono ukarudi! Hapo nilisimama muda mrefu.

Ligi kuu, iliyokuwa ya wazungu tu kwa miaka mingi, ilimfungulia mlango Julai 1948, kwenye timu ya Cleveland, akiwa na miaka 42, na mwaka huo huo timu ikatwaa ubingwa. Wengi hulisimulia hilo kwa furaha. Mimi liliniuma: zaidi ya miaka 20 ya nguvu zake ilikwisha nje ya mlango huo, kisa rangi.

Mwisho wa ziara ndipo unaruhusiwa kukanyaga uwanja. Paige yuko pale katikati, mahali pa mrushaji, na Josh Gibson, nyota mwingine wa ligi za weusi, amechuchumaa akingoja kudaka. Nikaugusa mkono wa Paige, shaba ya baridi. Nilipogeuka, kundi jingine lilikuwa limeingia, na mtoto mmoja alikuwa ameshika wavu kwa vidole, anatutazama.