Pengo kati ya G na C

Juzi jioni mpwa wangu alikuwa anasugua sufuria nyuma ya nyumba huku akiimba wimbo wa shukrani tunaouandaa kwa Jumapili. Ana miaka sita, sauti nyembamba, na hakosei maneno. Alipofika mstari wa pili akanyamaza kidogo, kama mtu anayeruka mtaro, kisha akaendelea. Ubeti uliofuata akanyamaza palepale. Nilikuwa mlangoni na kitambaa mkononi, moyo ukanishuka. Pale ndipo kwenye mandolini yangu ninapotoka kodi ya G kwenda ya C, yaani kutoka kundi moja la sauti zinazopigwa pamoja kwenda jingine. Mtoto ameushika wimbo kama anavyousikia kwangu kila jioni, na anaamini lile pengo ni sehemu yake.

Mandolini hii niliachiwa na sista mmoja Mwitaliano alipokuwa anaondoka Arua, huku Uganda, kurudi kwao. Ni ya aina ile ya Napoli, mgongo wake umebinuka kama nusu ya kibuyu. Ina nyuzi nane, lakini kwa kidole ni nne tu, kwa sababu zimekaa mbilimbili na kila jozi inatoa sauti moja: G, D, A, E, sawasawa na fidla. Kila jozi imepanda kutoka do hadi so juu ya ile iliyotangulia. Hayo nayajua tangu siku ya kwanza. Sikuwahi kujiuliza yanavihusu vipi vidole vyangu.

Nilijifunza kwa video kwenye simu, na kodi ya kwanza niliyoishika ilikuwa ile G ya vidole vinne. Ukihesabu freti, vile vyuma vinavyokata shingo, kuanzia jozi nene, ni 7-5-2-3. Inauma, inanyoosha kidole cha mwisho mpaka kiganja kinatetemeka, nami nikaiona ndiyo G ya watu wazima. Sasa naelewa kazi yake. Katika muziki wa bluegrass wa Marekani, ule wa mpiga mandolini Bill Monroe, mandolini inashika nafasi ya ngoma: unapiga kwenye pigo dhaifu kisha unalegeza vidole mara moja ili sauti ife. Huwezi kuiua sauti ya uzi ulio wazi kwa namna hiyo, ndiyo maana kila jozi lazima ibanwe. Lakini kwaya yetu ina ngoma tayari, na adungu mbili, vile vinubi vya kwetu. Mimi nilihitajika kuacha sauti ielee juu yao, na nilikuwa nimejibebesha kodi iliyotengenezwa kukatisha sauti.

Usiku ule umeme ulikatika, nikawasha taa ya sola na kukaa kitandani na mandolini mapajani, sipigi, naviangalia vidole tu.

G nyepesi ni 0-0-2-3, sifuri ikiwa jozi isiyobanwa. Kidole cha shahada kwenye jozi ya A freti ya pili, cha pete kwenye jozi ya E freti ya tatu. C nyepesi ni 0-2-3-0. Nilikuwa nazijua zote mbili, ila kila mara nilikuwa nainua mkono wote na kuupanga upya kutoka hewani. Safari hii nilivihamisha vidole viwili polepole bila kubadilisha umbo lao, jozi moja tu kuelekea zile nene. Ikawa C. Umbo ni lilelile! Kwa kuwa jozi zote zimeachana hatua sawa, umbo la G likisogea jozi moja linakuwa C. Nilirudia pengine mara hamsini, nikinong'oneza hesabu ili nisimwamshe mtoto.

Kilichonigusa zaidi ni kodi ya D saba, 2-0-3-2. Zamani nilikuwa naishika C kwa kidole cha kati kwenye ile freti ya tatu ya A, basi ikija D saba hakuna kinachosalia mahali pake. Nikiishika kwa kidole cha pete, kidole hicho hakiondoki kabisa. Cha shahada kinavuka kwenda jozi ya G, cha kati kinashuka kwenye E freti ya pili, na cha pete kimetulia tu. Wanakwaya wataelewa nikisema kwamba sauti ya cha pete pale ni fa, na fa imo katika kodi zote mbili; kwa nini niiondoe na kuirudisha? Kisha kurudi nyumbani kwenye G, cha kati kinateleza freti moja kwenye jozi ileile, ti inapanda kuwa do, na cha shahada kinashika mi pale fa ilipotoka. Kwa hiyo G ninayofikia mwishoni naishika kwa cha shahada na cha kati, na G ninayoanzia naishika kwa cha shahada na cha pete. Sauti ni moja, vidole vinategemea natoka wapi na nakwenda wapi.

Mzee anayepiga adungu kubwa hana shida hii. Kila sauti ina uzi wake, hakuna cha kubana. Nilimwonyesha Alhamisi mazoezini, akaniangalia mkono wa kushoto muda mrefu, akasema, "Mwanangu, leo mkono wako umekaa." Kwangu hilo neno lilitosha wiki nzima.

Kodi ya E maina nayo imejileta yenyewe: unakilaza tu kidole cha shahada kiguse jozi za D na A pamoja, 0-2-2-3. Shingo ya mandolini ni nyembamba, kidole kimoja kinatosha jozi mbili bila kukaza mkono.

Jana nikaupiga wimbo wote bila kusimama. Mpwa wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, anaimba nami. Mstari wa pili, akanyamaza. Mimi nikapita. Akaniangalia kwa mshangao.

"Mama mdogo, umesahau pale pa kungoja."

Nikamwambia pale hapana kungoja, ni mimi nilikuwa sijaweza. Akafikiri. Akaomba tuanze tena polepole, akashika goti langu kwa mkono wenye majimaji ya embe, na tulipokaribia C akavuta pumzi mapema.